Ijumaa ya Kuhesabu Diski

Tumemzika Mzee Shee juzi, na leo nimetoka hitimani kwake vidole vyangu bado vinanuka vitunguu. Wanaume barazani walimsifu kwa sauti hadi sisi tuliokuwa jikoni tukasikia: mtu wa msikiti, mkweli, hakuwahi kugombana na mtu. Mimi nilimenya vitunguu nikanyamaza, kwa sababu kuna mwaka mmoja wa maisha ya mtu yule uko kwangu, na wengine waliokuwepo ama wametangulia ama wamerudi kwao. Haukuwa mwaka mzuri. Niliamka na hofu, nikala na hofu, nikavuka feri na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya jini wala ya mume. Ilikuwa hofu ya diski ya kompyuta.

Mambo ya nyumbani kwetu Shika Adabu nayaruka. Nani alinizaa na kwa nini nilitolewa shule darasa la nne, hayo hayamhusu msomaji. Inatosha kujua kwamba katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nikipiga deki na kupika chai katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi ilikuwa Changamwe, pale juu kabla barabara haijateremkia Kipevu, na malori yalipita mchana kutwa hadi vikombe vikatetema kwenye sinia. Leo nina duka langu la kompyuta Likoni, na vijana wenye vyeti wakikwama huja kuniuliza mimi. Silisemi hilo kwa kujigamba. Au tuseme nalisema kwa kujigamba, kwani nimelitolea jasho.

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma, hakina dirisha, na ndicho pekee chenye AC iliyofanya kazi. Baridi ile ilikuwa ya mashine, si ya watu. Mimi niliingia humo na sweta na leso juu yake, na bado meno yaligongana. Mashine ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo, ikivuma saa zote, na nyaya zilitoka humo kwenda kwenye skrini kumi na moja: kumi ofisini, na moja kule ghalani nyuma ya uwanja, ya kuandikia mizigo inayoshushwa. Makarani walikiogopa chumba kile. Waliamini ukigusa vibaya, karatasi za meli nzima zinapotea. Mimi nilipewa ufunguo kwa kuwa nilifuta vumbi bila kuvunja kitu, na nilipokuwa nafuta vumbi nilikuwa namtazama fundi. Fundi wetu alikuwa Wekesa, akija kutoka Nairobi mara moja kwa miezi mitatu. Kiingereza sikukijua, lakini macho nilikuwa nayo. Nilikariri maneno aliyoyachapa jinsi mtu anavyokariri nakshi ya leso: herufi hii, kisha hii, kisha ile yenye mkia. Siku moja nikamwambia amekosea herufi ya tatu. Akageuka akaniuliza, "Dada, hii umesomea wapi?" Nikamwambia, "Hapa, nyuma yako." Tangu hapo akanifundisha, na meneja wetu, Bwana Masoud, akaniachia mashine, maana ilikuwa rahisi kuliko kuajiri mtu mwingine.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hofu yangu haitaeleweka. Diski ilikuwa moja, na ilikuwa ndogo kuliko ya simu anayochezea mjukuu wangu. Kwa hiyo kila karani alikatiwa sehemu yake, kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Ukizidisha, mashine ilikuonya na kukupa siku saba upunguze vitu vyako. Zikiisha ilikufungia, huandiki tena hata neno moja. Ili ijue nani amejaza kiasi gani, ilijiwekea daftari lake ndani. Mwaka ule stima ilikatika kama mtu anachezea swichi, na kila ilipokatika ghafla, daftari lile lilibaki na uongo: huyu ameandikiwa asichonacho, yule amesamehewa alichonacho. Dawa yake ni kuhesabu upya. Unazima ulinzi wa sehemu, unaiambia mashine ipite faili moja moja, iangalie ni la nani, ijumlishe, isahihishe daftari, kisha unawasha ulinzi tena. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba wakati wa kuhesabu asiwepo mtu ndani anayeandika au kufuta. Wekesa alinieleza kwa kuku. Alisema ukihesabu kuku huku wanaingia na kutoka bandani, idadi utaipata, lakini haitakuwa ya kuku wako.

Kujua nani yumo na nani katoka, nilibuni vibao. Mlangoni pa chumba cha mashine nilipiga misumari kumi na mmoja, na kila karani alikuwa na kibao chake cha mbao chenye jina. Ukienda kukaa kwenye skrini unachukua kibao chako. Ukiondoka unakirudisha msumarini. Nilivijivunia vibao vile kuliko msomi anavyojivunia cheti. Wekesa akija alihesabu usiku, lakini saa yangu mimi niliichagua mwenyewe pia: Ijumaa, adhana ya adhuhuri inapokaribia, maana wanaume wote waliondoka kwenda msikitini na mimi mwanamke nikabaki. Waliosalia walikuwa makarani watatu Wakristo, na mkubwa wao alikuwa Kahindi, mtu wa Kaloleni, mcheshi wa ofisi. Mzee Shee ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kila Ijumaa. Alikuwa karani mkubwa, umri wa baba yangu, mwandishi wa orodha za meli tangu enzi za taipureta. Alivaa kofia yake ya viua, akatupia mswala begani, akarudisha kibao chake msumarini wote wakiona, akasema maneno yale yale kila wiki: "Jamani, saa imefika. Mizigo haitakimbia." Vijana walimfuata kama wanafunzi wanaomfuata maalimu.

Wiki ninayoisema stima ilikatika Alhamisi mara tatu. Wekesa hakuweza kuja, akanisomea hatua kwa simu, nami nikaziandika kwa herufi zangu kubwa nyuma ya karatasi ya kalenda. Hatua ya kwanza: iulize mashine nani yumo. Ya pili: zima ulinzi. Na kuendelea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifanya kazi ile peke yangu. Ijumaa adhuhuri, wanaume walipotoka, niliwasimamisha Kahindi na wenzake, nikawataka vibao, nikawatoa uwanjani na birika la chai na viazi karai. Kahindi akasema atanishtaki kwa padri, kwamba Ijumaa ya Waislamu imegeuka adhabu ya Wakristo. Nilisimama mlangoni hadi nilipowaona wamekaa kivulini. Kisha nikahesabu vibao. Kumi na kimoja. Nikajiambia, sasa mashine naiulizia nini na msumari umeshanijibu? Nikairuka hatua ya kwanza.

Mashine ilihesabu kwa muda wa kama dakika arubaini. Diski ilikwaruza kama mtu anayekuna nazi ngumu, nami nilisimama pale mikono kwapani, nikiogopa kukohoa. Ilipomaliza nikawasha ulinzi, nikafunga mlango, nikaenda jikoni nikakaa chini sakafuni. Nilijiona nimevuka bahari.

Jumatatu printa ikatoa orodha ya kila mtu na sehemu yake. Jina la Mzee Shee lilikuwa na alama kando: amepita mpaka, siku saba zimeanza. Hakupita kidogo. Alikuwa ameandikiwa mara nne ya sehemu yake. Bwana Masoud akamwamuru Kahindi afungue mahali pa Mzee Shee watazame kuna nini, na wakakuta faili chache za kawaida, hata robo ya idadi ile hazifiki. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu miezi ile wapinzani wetu walikuwa wakizijua karatasi za wateja wetu kabla meli haijafunga gati. Mtu fulani alikuwa akizitoa nje. Jiko langu na ofisi ya Masoud vilitengwa na ubao mwembamba, na mimi nilikuwa nakaanga mahamri nikasikia yote.

"Mzee Shee, una nini humu ndani?"

"Kazi yangu tu."

"Kazi yako nimeiona, ni kidogo. Mashine inasema una mara kumi ya hiyo. Iliyobaki umeificha wapi?"

"Sijui, Bwana."

"Hujui."

"Wallahi sijui."

Kisha Masoud akasema taratibu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, "Mashine imekupa siku saba. Na mimi nakupa hizo hizo. Jumatatu ijayo nisipopata jibu, utawajibu watu wa kituoni." Mahamri yakaungua. Siku zile mtu kuingia kituo cha polisi lilikuwa jambo moja, na kutoka lilikuwa jambo jingine. Mzee Shee alikuwa na watoto sita.

Wakati ule nilikuwa bado sijajishuku. Nilimshuku yeye, nasema kweli. Jumanne nilimpelekea chai sikumwamkia vizuri. Lakini Jumatano nilipokuwa nafuta vumbi, karatasi yangu ya kalenda ilikuwa pale ukutani, na jicho likaangukia hatua ya kwanza. Nikampigia Wekesa simu, nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiye na shida, hivi mashine inakumbuka nani alikuwemo siku iliyopita? Akacheka, akasema inakumbuka yote, akanipa neno la kuchapa. Nikalichapa. Majina yakashuka mengi na tarehe zake, nikayafuata kwa kidole hadi nikafika Ijumaa. Kulikuwa na mtu mmoja. Ameingia dakika chache baada ya wanaume kutoka, akatoka kabla hawajarudi. Skrini ya ghalani. Shee. Nililisoma jina lile mara tatu, mimi wa darasa la nne, nikiomba kwa mara ya kwanza maishani niwe nimekosea kusoma. Kahindi nilimlinda kama mwizi. Huyu sikumlinda hata kidogo, kwa kuwa alikuwa na kofia kichwani na mswala begani.

Alhamisi nikamfuata ghalani. Alikuwa amekaa juu ya magunia, hamri mkononi, hajala.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ijumaa iliyopita ulikuwa hapa."

Hakukana. Aliliweka hamri kwenye karatasi, akapangusa vidole kimoja kimoja. "Nani mwengine anajua?"

"Mimi na mashine."

Akaninyang'anya ile karatasi ya kalenda niliyokuja nayo, akaileta usoni mpaka ikagusa pua. Akasema hivyo ndivyo anavyosoma, mwaka wa pili sasa. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na zile herufi za kijani kwenye skrini aliziona kama chungu wanaotembea. Wiki nzima mezani alichapa kwa kubahatisha, na Ijumaa, ofisi ikiwa tupu, aliwatanguliza vijana langoni, maana msikiti ukijaa hakuna anayemtafuta mwenziwe, akazunguka nyuma ya ukuta akaingia ghalani, akaweka uso kwenye kioo, akatafuta makosa yake. Kila orodha alitoa nakala mbili tatu kwa kuogopa stima, akasahihisha, na ikikaa sawa alizifuta zile mbaya. Nikaelewa palepale. Mashine ilipita ikahesabu nakala zote, kisha yeye akazifuta huku ulinzi umezimwa, na daftari halikuambiwa. Aliandikiwa vitu ambavyo havipo tena duniani. Hakuna mwizi. Kulikuwa na kipofu mmoja na mjinga mmoja aliyeamini msumari.

Nikamwambia, basi mwambie Masoud hivyo hivyo, mambo yaishe. Akatikisa kichwa. "Nikisema nilikuwa hapa, nimesema sikuwa msikitini. Mimi ninayewaita wenzangu." Alinionyesha kwa kidevu mahali kati ya magunia ambapo mswala wake ulikuwa umekunjwa. Adhuhuri yake aliiswali pale, peke yake, mwaka wa pili. "Wizi nitaukana, na Mungu ananijua. Hili jingine nitalikanaje?"

Mtu mwingine angeandika hapa kwamba alilia kwa huruma. Mimi niliona njia ya kujiokoa. Masoud angejua nimeruka hatua, ningerudi kwenye ndoo na deki siku hiyo hiyo, kama si nje ya lango, na nani angempa tena ufunguo mwanamke wa darasa la nne? Kwa hiyo nikamwambia Mzee Shee, kesho nenda msikitini kweli. Nitahesabu upya, daftari litasahihika, idadi yako itashuka, hakuna atakayeuliza kitu. Akanishika mkono akaniombea dua. Nikaipokea dua ile na moyo wangu ukijua nimejiombea mimi.

Ijumaa niliiuliza mashine nani yumo. Nikauliza mara mbili. Nikazunguka kila kiti kwa miguu yangu, nikaenda ghalani nikaikuta skrini imezimwa na hakuna mtu juu ya magunia. Nikahesabu. Idadi ya Mzee Shee ikashuka ikakaa chini ya mpaka, safi, kama inavyotakiwa. Usiku ule nilikula wali na samaki sahani mbili, baada ya wiki nzima ya chai kavu.

Jumatatu Masoud akaichukua orodha kwenye printa mwenyewe. Nilikuwa jikoni, sikio kwenye ubao. Nilisikia karatasi ikigeuzwa, kisha akamwita Kahindi, na Kahindi akasema, kwa furaha, kwamba namba ya mzee imeshuka. Masoud akasema neno moja.

"Amefuta."

Sikuwa nimeliona hilo, mimi mjuaji. Kwa mtu anayemdhania mwenziwe mwizi, idadi kushuka ni mwizi ametupa alichoiba. Nilikuwa nimemfungia kamba shingoni kwa mkono wangu. Nikasikia simu ikiinuliwa, Masoud akiwaamkia watu wa kituo, akisema mtu wake yupo, waje saa nne. Kisha akawaita makarani wote ofisini kwake wawe mashahidi. Mzee Shee aliingia wa mwisho, kofia mkononi, akasimama karibu na mlango kama mgeni.

Nikaingia na sinia ya chai, kwa sababu sikujua kuingia chumba kile kwa njia nyingine.

"Mwanakombo, si sasa," Masoud akasema.

"Abee, Bwana. Lakini huyu hajafuta kitu wiki hii. Kosa ni langu." Nikaeleza. Maneno yalitoka bila mpango, kuku na banda, daftari na ulinzi, hatua niliyoiruka. Nilisema Ijumaa ile ya kwanza nilihesabu huku mtu yumo ndani anafuta, ndiyo maana namba ilikuwa ya uongo, na Ijumaa ya pili niliisahihisha kimya kimya kwa kuogopa kufukuzwa. Nikasema mpigie Wekesa simu, atakwambia. Masoud alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza lile nililolijua litakuja.

"Mtu gani alikuwa ndani? Ijumaa, saa ya swala?"

Lori lilikuwa likipita nje. Vikombe vikaanza kutetema kwenye sinia mikononi mwangu, na vijana wote wa msikitini walikuwa wananitazama. Nikafungua mdomo.

"Mimi," Mzee Shee akasema.

Hakusema zaidi ya hapo ila macho yake yalivyo, na kwamba nakala zilikuwa zake. Hakuna aliyecheka. Masoud akainua simu akawaambia wale watu wasije. Baadaye Wekesa akathibitisha kila neno, na mimi nikanyang'anywa ufunguo nikarudi kwenye deki miezi mitatu, hadi Wekesa alipokuja akawaambia hana mwingine wa kumwachia mashine. Aliyekuwa akizitoa karatasi nje hatukumjua hadi leo.

Lakini Ijumaa iliyofuata naikumbuka kuliko hayo yote. Saa ilifika, na hakuna aliyesimama. Mzee Shee alikuwa mezani kwake ameinama, hawezi kuwaita, na vijana hawakujua kama ni adabu kuondoka kabla yake au kumngoja. Nilikuwa napiga deki mlangoni, naogopa hata kukamua kitambaa. Ndipo Kahindi, mbatizwa wa Kaloleni, alipoinuka akanyoosha mgongo. "Jamani," akasema, "saa imefika. Mizigo haitakimbia." Alikuwa anamtazama Mzee Shee. Mzee akatafuta kofia yake kwa kupapasa, na kijana mmoja akamshika mkono, wakatoka.

Alifanya kazi miezi michache tu baada ya hapo, akaomba kupumzika mwenyewe. Niliendelea kumtembelea miaka yote hii, Idi mbili na siku za kawaida, na hatukulitaja jambo lile kamwe. Hadi mwezi uliopita. Alikuwa kitandani, haoni kabisa, na nilimpelekea chai kwenye chupa. Akaniambia nikae karibu.

"Mwanakombo. Masoud alipouliza ni nani, ungesema?"

Ningeweza kumdanganya mgonjwa. Wengi wangemdanganya. "Jina lako lilikuwa mdomoni tayari, Mzee. Ningelisema."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nililiona. Ndiyo maana nikakuwahi."

Nikamuuliza ni kwa macho yapi, mtu ambaye hata kibao chake alikijua kwa kukipapasa. Alininyooshea kikombe nimwongeze chai, akasema siku hizi naibania tangawizi. Nilikipokea kwa mikono miwili, na kilitetema, wala hapakuwa na lori.